Mpaka Kiganja Kikubali

Kwenye arobaini ya mama umeme ulikatika, kama kawaida yake, na binamu yangu mmoja, mtu mzima mwenye ndevu zake, akawasha jenereta ili spika ya shehe isinyamaze. Petroli ilipokaribia kwisha akaja na kidumu, akafungua kifuniko cha tanki huku injini ikiendelea kunguruma, na hatua tatu kutoka hapo jirani yetu anavuta sigara. Mimi nilikuwa upande wa wanawake. Harufu ndiyo iliyoninyanyua. Nilipita katikati ya mikeka ya wanaume na lundo la viatu vyao, nikaizima ile jenereta kwa mkono wangu mwenyewe, na sauti ya shehe ikabaki ndogo, ya koo tupu.

Wanaume walinitazama. Mzee mmoja akasema, bila hata kujisumbua kunong'ona, "Kiburi kama cha mama yake."

Neno hilo nimelisikia tangu nikiwa na meno ya utotoni. Mama ana kiburi, mama ana kichwa kigumu, mama anajiona. Amekufa na bado wanalisema, tena juu ya mkeka wa dua yake. Basi nataka kueleza kiburi hicho nilikipataje, na sielezi ili nisamehewe.

Mama alisaga sombe. Nyinyi mliokulia mtaa wa Buyenzi wakati mmoja na mimi mnaikumbuka ile sauti ya mashine za sokoni zikitafuna majani ya muhogo, maana ziliingia na kuviondoa vinu uani kwetu kimoja baada ya kingine. Ya mama ilikaa chini ya bati lililoshikwa na nguzo nne, bila ukuta hata mmoja. Injini ilikuwa ndogo, nyekundu, inawashwa kwa kuvuta kamba, na mkanda wake ulizungusha kinu cha chuma kilichotema povu la kijani kwenye beseni. Harufu ya petroli na majani mabichi yaliyopondwa ilikuwa ndiyo harufu ya mama. Ilikaa kwenye kanga zake, kwenye mto wangu, kwenye chapati. Shuleni walinikimbia wakisema nanuka kituo cha mafuta, nami nikawa nawafuata makusudi niwakumbatie.

Aliyemfundisha injini alikuwa mjomba wake, makanika wa boti za ziwani, mtu wa maneno machache ambaye kidole chake kimoja kilikuwa kimeyeyuka kikawa kama mshumaa. Mama hakumuuliza kimetokea nini. Alishika aliyoambiwa, akayafuata kama swala. Injini haijazwi ikiwa inafanya kazi, wala ikiwa imezimwa sasa hivi. Inangojwa mpaka ipoe. Tanki halijazwi mpaka mdomoni. Unaacha nafasi ya vidole viwili, maana petroli nayo hutanuka. Kidumu kinafungwa kabla ya injini kuwashwa, kinawekwa mbali. Anayechoma mahindi na mbabura yake ya makaa aende kule. Na mvua ikinyesha, injini haiingizwi ndani ya chumba kwa ajili ya kuwaonea huruma wateja, kwa sababu moshi wake unaua watu wakiwa wamekaa wanazungumza. Tulilowa sana miaka ile.

Kando ya injini aliweka beseni la mchanga mkavu na gunia lililoloweshwa maji. Soko zima lilimcheka kwa lile beseni. "Mama Mwajuma, paka wako wamezaa?" waliuliza wakipita. "Leo wamekwenda haja?" Mama alikuwa akijibu kwamba paka wake wana adabu kuliko waume zao, kisha anaendelea na kazi. Mimi nilikuwa naona aibu hadi masikio yanawaka. Kila asubuhi nililisukuma lile beseni nyuma ya nguzo lisionekane, na kila asubuhi yeye alilirudisha bila kuniuliza.

Lakini kilichonisumbua kuliko mchanga ni kungoja. Tanki lilikuwa dogo, na kila siku lilikauka karibu na alasiri, saa ambayo foleni ya wanawake wenye mabeseni ya majani ilikuwa ndefu kuliko saa zote. Mama alizima, akakaa. Kisha akaenda kusali. Aliporudi aliweka kiganja cha kulia juu ya chuma cha injini, akafumba macho, midomo ikawa inacheza. Subhanallah, Subhanallah. Mara nyingine aliondoa mkono haraka, akakaa tena. Mara nyingine alifika mwisho, akafumbua macho, akaomba faneli na kidumu.

Mimi nilihesabu midomo ile. Mara thelathini na tatu, sawasawa na baada ya swala. Na kwa akili yangu ya mtoto wa darasa la tatu nikajua ninachokiona: mama anaisomea injini. Ile ilikuwa dua yake, na dua ndiyo iliyozuia moto. Nilipomwona akitoa mkono kabla ya mwisho, nilidhani amekosea hesabu. Hakuna aliyeniambia hivyo. Lilikuwa wazo langu mwenyewe, na nilijivunia kwamba nimeligundua peke yangu, maana wengine wote walidhani mama ni mwoga tu.

Ng'ambo ya njia alikuja kukaa Fundi Rama na mashine yake kubwa ya bluu. Yeye hakungoja. Alimimina petroli kutoka kwenye chupa huku mashine inasaga, akiimba, na mkono wa pili akimpungia mteja. "Mi najaza na mota inatembea!" alipiga kelele kila alasiri, akituangalia sisi. "Kwangu apana kulala!" Wanawake walicheka, na mmoja mmoja wakaanza kuvuka njia na mabeseni yao.

Waliobaki kwa mama walibaki kwa sababu sombe yake ilikuwa laini, lakini hawakubaki kimya. Aliyekuwa na mdomo kuliko wote ni mke wa karani mmoja kutoka Ngagara, tuliyemwita Madamu, aliyekuja na beseni la enameli lenye maua.

"Eti Mama Mwajuma," alisema, "hii mashini iko na lala ao imekufa? Bwana yangu anatoka bureau saa kumi na moja."

"Inapoa, Madamu. Kaa."

"Kwa Rama hawapoeshi."

"Basi peleka kwa Rama."

Hivyo ndivyo mama alivyoongea na wateja. Nilikuwa nakunja vidole vya miguu ndani ya kandambili.

Ramadhani ikaingia na foleni ikawa maradufu, kila mtu anataka sombe iwe motoni kabla ya magharibi. Ndipo akaja mkubwa wa soko, ambaye wote tulimwita Shefu, mtu wa koti hata kwenye jua. Alisimama mbele ya injini iliyozimwa, akatazama foleni yote, akatazama ng'ambo kwa Rama.

"Mama Mwajuma, nakuambia mara ya mwisho. Kesho nikikuta watu wamepanga laini hapa na mashini imezima, hii place napatia Fundi Rama. Iko na mashini ya pili, anatafuta mahali."

"Shefu, mashini iko moto," mama alisema. "Mi sijazi mashini moto. Leo sijazi, na kesho sijazi."

"Basi kesho tutaonana."

Nilielewa vizuri kabisa. Ile sehemu ya nguzo nne ndiyo iliyotulisha. Baba alishakwenda zake, na hatukuwa na kazi nyingine. Kama foleni ingekuwepo kesho, tungeondoka. Na dawa niliijua mimi peke yangu: dua isomwe upesi.

Kesho yake alasiri tanki likakauka. Mama akazima. Nyuma yangu wanawake kumi na kitu, Madamu akiwa wa tatu. Shefu alikuwa bado hajafika, lakini koti lake nililiona kule kwa wauza dagaa, linakuja polepole, linasimama, linakuja. Mama akachukua birika la udhu.

"Usiguse kitu, mutoto. Nasali, nakuja."

Alipotoweka nyuma ya ukuta wa jirani, nikasogea kwenye injini. Nikanyoosha mkono niweke kiganja kama yeye. Chuma kiliniunguza kabla hata sijakigusa sawasawa. Nikaona si kitu. Nikakiinua kiganja, nikakiacha kining'inie hewani juu ya chuma, nikafumba macho na kusoma mara thelathini na tatu kwa pumzi mbili. Madamu aliitikia, "Ego, mutoto ana akili." Nilijisikia mkubwa. Nikafungua kifuniko kwa pindo la gauni langu, nikamimina. Sikuacha vidole viwili. Nilitaka lijae, lifike hadi magharibi, Shefu asikute kimya tena leo. Petroli ikapanda hadi mdomoni, ikafurika, ikateremka upande wa bomba la moshi.

Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu anayepuliza chai. Kwenye jua la alasiri moto haukuonekana vizuri, ni hewa tu iliyokuwa inatetemeka, na harufu ya nywele. Zilikuwa nyusi zangu.

Kilichofuata nakikumbuka kwa vipande. Mkono ulinishika mgongoni, nikaruka, nikaangukia mabeseni. Mama hakuwa na viatu, maji ya udhu bado yanamtiririka. Alikipiga teke kidumu kikabiringika hadi barabarani. Akanyanyua lile beseni la mchanga, beseni la paka, akalimwaga lote chini na kwenye bomba. Ulimi wa moto ulikuwa umebaki kwenye mdomo wa tanki. Alichukua gunia, akalibandika pale, na kiganja chake cha kulia akakikandamiza juu yake na kukiacha hapo. Nilimwona akiuma meno. Hakutoa mkono mpaka moto umekufa.

Wanawake walikuwa wamekimbia, mabeseni yamebaki yamesimama kwenye foleni peke yake. Fundi Rama akavuka njia.

"Nilisema mi! Mashini si kazi ya mwanamuke."

"Imejazwa ikiwa moto," mama alimwambia. "Vile we unajazaka kila siku."

Shefu akafika anahema. "Nani amejaza?"

Nilifungua mdomo. Mama alinitupia jicho moja tu, nikaufunga.

"Mashini ni ya nani, Shefu?"

"Ya kwako."

"Basi umejibiwa."

"Kesho usifungue."

"Kesho nafungua," mama alisema, akaanza kukusanya mchanga kwa mkono wa kushoto.

Nyumbani alikaa na mkono ndani ya beseni la maji. Majirani walimletea asali, mafuta ya mawese, dawa ya meno. Wote akawarudisha na vitu vyao. Mimi nilikuwa kwenye kona, nangoja kipigo. Nilikitaka kabisa, kipite.

"Njoo hapa," alisema. "Mbele ya kumwaga esansi ya kidumu, ulifanya nini?"

"Nilisoma dua."

"Dua gani?"

"Ile ya mashini."

Hakuelewa. Nikamwonyesha, kiganja hewani, macho yamefumbwa, Subhanallah mbio mbio. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nikadhani analia kwa maumivu. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi maji ya beseni yakamwagika, na machozi yakaja kwa kicheko au kwa mkono, sijui.

"Mwajuma, ile si dua ya mashini. Mi siko na saa. Nahesabu tu. Mukono ukivumilia pale mpaka thelathini na tatu, imepoa. Mukono ukikataa, nangoja, naanza tena."

"Kwa hiyo Mungu hakusikia?"

"Mungu anasikia. Mashini ndiyo haisikii."

Usiku ule sikulala kwa aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya ajabu. Sikuona tena aibu ya mchanga wala ya foleni. Niliona aibu kwamba mwaka mzima nilikuwa nadhani mama yangu anakingwa na dua tu, kumbe katika soko lile zima yeye peke yake ndiye aliyekuwa anajua anachofanya.

Asubuhi alifungua, mkono wa kulia umefungwa kitambaa cheupe. Akavuta kamba kwa mkono wa kushoto, mara ya kwanza ikagoma, ya pili ikagoma, ya tano injini ikakohoa na kuwaka, na sijawahi kupenda kelele kama ile. Beseni la mchanga mpya lilikuwa mbele, si nyuma ya nguzo. Nililiweka mimi.

Wateja walikuja. Wengine kwa sombe, wengine kutazama kama tutalipuka. Alasiri tanki likakauka, mama akazima, foleni ikasimama, na Shefu akaja kutimiza tishio lake, Fundi Rama nyuma yake akishika futi ya kupimia mahali. Mama hakumsalimia yeyote. Alikwenda kusali, akarudi, akakaa kwenye kiti chake. Kisha akaniita, akashika mkono wangu kwa mkono wake mzima, akaupeleka juu ya injini.

"Hiki changu hakifanyi kazi," alisema. "Leo kiganja ni we."

Niliweka. Subhanallah, Subhanallah. Kwenye kumi na mbili ikaniuma, nikatoa.

"Iko namna gani?"

"Iko na choma."

"Basi."

Shefu akainama, uso wake ukawa karibu na wangu, na akatabasamu kama watu wanavyotabasamu kwa watoto wakiwa na haraka. "Mutoto, sema imepoa. Watu waende kwao kupika."

Wote walikuwa wananitazama. Nilijua kabisa kwamba nikisema imepoa tunabaki na mahali petu, angalau hadi kesho. Nyusi zangu zilikuwa hazipo.

"Apana," nilisema. "Bado iko moto."

"Mi nasema imepoa."

"Weka mukono wako, Shefu."

Mtoto wa Buyenzi, aliyefunzwa kusalimia wakubwa kwa mikono miwili, anamwambia mtu wa koti maneno hayo! Nilisikia wanawake wakivuta pumzi. Nilingoja kofi la mama. Halikuja. Nilipogeuka nilimwona amekaa vilevile, anamtazama Shefu na yeye anangoja jibu.

Angeweza kuondoka. Lakini foleni nzima ilikuwa inamwangalia, na Rama pia, kwa hiyo akaweka. Sidhani alifika hata tano. Aliurudisha mkono kwa ukelele mwembamba ambao haukumfaa mtu wa koti, akautia kwapani, na mtu wa kwanza kucheka alikuwa Madamu wa Ngagara. Alicheka akaligeuza lile beseni lake la maua kifudifudi, majani yote yakiwa kwenye kanga, akalikalia.

"Mi nangoja," alisema. "Bwana yangu naye atangoja."

Wakakaa na wengine, mmoja baada ya mwingine, juu ya mabeseni. Shefu alisimama kidogo, akasema kitu kuhusu usafi wa soko, akaondoka, na habari ya mahali petu hakuileta tena. Rama alikunja futi yake. Mimi niliweka kiganja mara tatu zaidi siku hiyo. Mara ya tatu nilifika thelathini na tatu, nikamwambia mama, naye akaniamini bila kugusa.

Lazima niseme kweli yote: Fundi Rama hakuungua kamwe. Alijaza injini ikinguruma miaka yote aliyokaa pale, chupa mkononi, wimbo mdomoni, na hakupata hata lengelenge. Ni mzee sasa, ana wajukuu, na kwenye arobaini ya mama alikuwepo. Ndiye aliyesema lile neno la kiburi. Anaweza kuninyooshea vidole vyake vyote kumi vizima na kuniuliza mama alikuwa na haki gani ya kuwangojesha watu. Sina la kumthibitishia. Kiganja cha mama kilikauka kikawa cha kung'aa, hakikusikia tena joto wala baridi, na tangu siku ile mpaka nilipoolewa injini yetu ilijazwa kwa kiganja changu. Foleni ilikuwepo siku zote. Anayetaka alingoja, asiyetaka alivuka njia.

Kwa hiyo nilisimama pale katikati ya wanaume, mbele ya jenereta iliyozimwa. Binamu alikuwa bado ameshika kidumu. Nilikichukua, nikakifunga, nikakipeleka mbali, na yule jirani wa sigara nikamwonyesha lango. Shehe alisimamisha kisomo, akaniuliza kwa upole kama waendelee bila spika au wangoje. Nikamwambia wangoje. Mzee Rama alicheka puani.

Nikaweka kiganja juu ya chuma mbele yao wote, nikafumba macho, nikaanza. Subhanallah, Subhanallah. Safari hii ilikuwa dua kweli, ya mama, na nilitaka ifike. Lakini kwenye tisa ikaniunguza. Nikatoa mkono, nikakaa chini kwenye mkeka wa wanaume, nikangoja, halafu nikaanza tena mwanzo.